Mguu wa Klachi

Manga
Jumapili, 9 Februari 2025

Pam, Mama Nyaboke, mke wa mwanangu,

Ni mimi Nyakerario, mama ya Mokua. Mkono unaoandika ni wa Esnah, jirani yangu aliyekuwa mwalimu wa nasari, kwa hivyo ukiona maandishi yamenyooka usifikiri nimeenda shule uzeeni. Esnah anataka kunyoosha na maneno pia. Nimemkataza. Kiswahili changu nilikitoa Nyansiongo, kwa shamba la mzungu, baba yangu akikamua ng'ombe na mimi nikibeba ndoo, na ng'ombe walinielewa. Wewe Ekegusii yako ni ya kusalimia, na mimi Kijaluo najua samaki peke yake. Basi tukutane hapa katikati.

Simu sitaki. Hii yangu imeharibika, inaongea kwa sauti ya juu tu. Nikikohoa ndani yake, soko lote la Manga linasema pole.

Sasa. Nimesikia mnataka kuuza pikapu ya Mokua, ile ya milango minne, mnunue gari ya otomatiki. Usiulize nimesikia wapi. Hiyo gari naijua. Joash mzee wa kanisa anayo, alinibeba siku moja tukitoka maombi. Pam, nilikaa pale nikamwangalia huyo mtu. Mguu wake wa kushoto umelala tu chini kama mgeni. Hakuna klachi. Gari haisemi kitu. Tukaanza kuteremka na mimi nikamwuliza, Joash, hapa imeshikwa na nini? Akasema, mama, inajishika yenyewe. Inajishika yenyewe! Nikamwambia simamisha, nikashuka, nikamaliza njia kwa miguu na viatu vya kanisa.

Gari ya klachi iko na kelele. Mokua akitoka hapa anaweka gia ya pili pale juu, na gari inalia uuuu mpaka chini kwa daraja. Mimi nikiwa jikoni nasikia mtoto wangu ameshikwa. Nikishasikia, naosha vyombo.

Wewe unajua baba yake, Onyiego, alikufa kwa huu mteremko mwaka wa tisini na nne, lori la ndizi, breki zikakatika. Mimi nilikuwa ndani. Ndio maana bega langu la kushoto limekaa hivi. Watoto wengine Mungu alichukua wakiwa wadogo. Niko na Mokua peke yake, na hao wawili wenu.

Kwa hivyo nasema hivi. Mkinunua hiyo, mimi sitapanda, na wajukuu wangu hawatapandishwa mlima huu ndani yake. Chagueni. Na usimwambie Mokua nimeandika.

Mama yako,
Nyakerario, bibi ya marehemu Onyiego
(nimeweka kidole)


Kisii mjini
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mpendwa Mama,

Barua yako niliipata nikiwa kwa cherehani, nikasimamisha kazi niisome. Shikamoo, na msalimie Mwalimu Esnah.

Mama, hapa mjini si kama huko. Siku ya soko, kutoka Daraja Mbili mpaka dukani kwa Mokua, gari linasimama labda mara hamsini. Kila mara ni klachi ndani, klachi nje, na boda boda wanapita kila upande. Asubuhi anapeleka watoto shule, mchana anapelekea wateja mbolea, jioni anatuchukua. Akifika nyumbani amechoka, amechoka hasa.

Otomatiki ina gia, Mama. Ziko ndani, zinajibadilisha zenyewe. Na kwa mteremko kuna mahali pa kurudisha mkono, wameandika L. Ukiweka hapo gari linashikwa na gia ya chini, na linalia vilevile kama la klachi. Joash hakuweka, ndiyo sababu ulisikia kimya.

Tena nimejifunza kuendesha. Nilipata leseni mwezi wa kwanza, lakini ni ya otomatiki peke yake. Tukiwa na hiyo gari naweza kumpumzisha.

Kuna sababu nyingine ambayo siwezi kuiandika. Ni wewe mwenyewe ulinifundisha ensoni mwaka nilioolewa, kwamba kuna maneno ya mwili wa mtu mzima ambayo hayapiti kati yake na mama yake, na mke wake hayabebi. Nimeishika hiyo heshima miaka kumi na mbili. Nakuomba uniamini bila hilo neno.

Mkwe wako,
Pam


Manga
Jumapili, 23 Februari 2025

Kwa Mama Nyaboke,

Nimesomewa barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilifikiri Esnah ameruka mstari.

Kumbe ni hivyo. Ni wewe unataka stelingi! Si ungesema? Mimi nilikuwa natafuta sababu kwa mlima, kwa breki, kumbe sababu iko na leseni mkobani. Unataka Mokua akae upande wa kushoto kama gunia la viazi, watu wa kanisa wasimame kwa lango wakimwona analetwa? Na hilo neno lisiloandikika ni neno gani? Hapa kwetu mwanamke akisema kuna neno hawezi kusema, tunajua ni neno lake mwenyewe.

Esnah amesimamisha kalamu. Ananiangalia vile alikuwa anaangalia watoto wa nasari. Nimemwambia andika.

Jana Sabato Mokua alikuja na watoto. Nyaboke ameota meno ya mbele makubwa kama ya sungura, na mdogo wake amekula mboga yangu chungu ya chinsaga bila kulia, kwa hivyo mimi si mpishi mbaya kama unavyofikiri. Walipofika uani watoto walishuka, Mokua akabaki ndani ya gari. Akakaa. Mimi nikageuka nikaangalia migomba. Mtu mzima akishuka kwa gari lake mama hasimami hapo kumhesabia. Alipofika mlangoni nikamwuliza, baba, umechoka? Akasema, "Ni joto tu, Mama." Joto. Manga. Sawa.

Tulipomaliza kula nikampeleka kwa kaburi la baba yake. Nikamwambia, weka mkono hapa kwa simiti. Sema mimi nikiwa hai hutauza gari ya klachi. Akaangalia simiti. Jogoo akawika, mbuzi akapita, mkono bado uko mfukoni. Nikasema, Mokua, nimekuomba kitu gani kingine tangu uoe? Akaweka mkono. Akasema, "Nimesema, Mama."

Basi imekwisha, na mimi sina chuki. Wakati wa kurudi nilisimama jikoni nisikie gari ikilia mteremkoni kama kawaida. Sikusikia. Ni upepo, siku hizi unapeleka sauti upande wa Gesima.

Usinijibu na hasira.

Nyakerario
(kidole)


Kisii mjini
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mama,

Mwalimu Esnah, ukifika hapa soma polepole, na nakuomba usimwangalie Mama usoni.

Navunja ensoni. Ningekuja mwenyewe, lakini najua nikikuona nitanyamaza niombe chai.

Mokua ana sukari. Huu ni mwaka wa pili. Mguu wa kushoto, kutoka goti kwenda chini, umekufa ganzi. Anauweka kwa klachi na hajui kama amekanyaga au hajakanyaga mpaka aangalie. Mara nyingine hauinuki kabisa. Anashika suruali hapa kwa goti, anauinua kwa mkono, anauweka pale kama mtu anapanga kuni. Mguu wa kulia uko sawa. Daktari alimwambia gari ya klachi basi, lakini ya otomatiki bado anaweza, kwa sababu kushoto hakuna kazi.

Alinikataza kukuambia. Alisema, "Mama alizika dereva. Siwezi kumpelekea dereva kiwete."

Hapa mjini akishindwa anasimama kando. Kwenu hakuna kando. Wiki jana Nyaboke alikuwa anacheza na viti, anaigiza safari ya kuja kwa nyanya, akamwambia mdogo wake, "Sasa tumefika kwa mlima wa magokoro, nyamaza, Baba ametoa gia." Nikashtuka. Nikamwuliza Mokua, akakubali. Akifika juu anatoa gia kabisa, anaweka fri, na gari linaenda lenyewe mpaka daraja, yeye anabana breki tu. Anasema kwa fri mguu mbovu unafanya kazi mara moja peke yake. Watoto wangu wako ndani, Mama.

Nimemwambia tuuze kesho. Anasema ameweka mkono kwa simiti.

Jumamosi hii anakuja tena na watoto. Mimi nitakuwa Kendu Bay, tunazika shangazi yangu. Nimejaribu kumzuia, anasema Mama atauliza kwa nini. Mzuie wewe. Asiteremke. Wewe ulimfunga, na ni wewe peke yako unaweza kumfungua.

Natuma hii kesho na mtu wa pikipiki, ikufikie kabla yake.

Pam


Manga
Jumapili, 16 Machi 2025

Pam,

Watoto wako hai. Mokua yuko hai. Hiyo nimeiweka mbele kwa sababu najijua, nikianza kuzunguka utabaki na roho mkononi mpaka karatasi ya pili. Najua Mokua alikupigia huko kwa matanga akasema wamefika salama. Hakukuambia walifika vipi.

Barua yako ililetwa Ijumaa, jua likizama. Esnah aliipokea kwa lango, akaangalia mwandiko, akaangalia jua, akaja akaiweka nyuma ya saa ya ukuta. Alisema Sabato imeingia, mambo ya dunia yatafunguliwa kesho jioni. Na mimi nikasema amina. Unajua mimi ni mtu wa kuchungulia, hata barua za kanisa nachungulia na siwezi kusoma, lakini hii yako nilisema amina haraka. Nilikuwa bado na hasira na wewe. Sikutaka uniharibie Sabato.

Kwa hivyo jana tulienda kanisa na barua iko nyuma ya saa. Tukala na iko nyuma ya saa. Saa kumi jioni Mokua akasema wanarudi. Akaingia kwa gari. Mimi nikageuka kuangalia migomba, kama desturi, lakini mahali niligeukia kuna dirisha la jikoni, na kwa kioo nikamwona. Alishika suruali kwa goti akainua mguu wake.

Pam, haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa pili pia niliona. Niliona, kisha nikamwambia Esnah aandike migomba.

Nikafungua mlango wa mbele. Nikamwambia Nyaboke, nenda siti ya nyuma na ndugu yako, magokoro anaenda huko chini kununua chumvi. Mokua akaniangalia. "Mama, chumvi siku ya Sabato?"

Nikamwambia endesha.

Tukafika pale juu kwa mikaratusi. Akatoa gia. Wewe hujui hiyo kimya. Injini inashuka mpaka kama imelala, kisha unaanza kusikia tairi, halafu upepo kwa dirisha, na kila kitu kinakimbia.

"Mokua, weka gia."

"Tulia, Mama. Niko na breki."

"Weka gia!"

Kona ya kwanza ikapita. Wanawake wawili na mizigo ya nyasi waliruka mtaroni. Nikasikia ile harufu ya breki, kama chungu kimeungua bila maji. Ile ile. Akakanyaga, na nikaona kanyagio limeenda chini kuliko lilivyokwenda kwanza. Akaongea polepole, watoto wasisikie. Akasema, "Mama, mguu wa klachi hausikii. Nimeutuma, hauendi."

Basi nikafanya kitu ambacho mama hafanyi. Nilipitisha mikono juu ya gia nikashika goti la mwanangu, mtu wa miaka arobaini, kwa mikono miwili, huu mzuri na huu wa bega bovu. Nikakandamiza na uzito wangu wote. Nikasema, sasa! Akavuta gia, ikalia kraaa, ikakataa. Nyaboke akapiga kelele huko nyuma. Nikakandamiza tena mpaka nikasikia klachi imegonga chini. Ikaingia ya tatu. Nikaachilia, gari ikashtuka, watoto wakagonga siti, injini ikaanza kulia. Akasema, "Tena, Mama." Nikakandamiza. Ikaingia ya pili. Na hapo ikashikwa, Pam. Uuuu mpaka chini kwa daraja. Hakuniangalia na mimi sikumwangalia. Mikono yangu nilisahau kuitoa kwa goti lake.

Chini alisimama akaweka kichwa kwa stelingi. Anyona mwenye duka la pale alitutengenezea chai, akangoja breki zipoe, akawapeleka nyumbani polepole na gia. Mimi nikapanda mlima na pikipiki. Jua likazama, Esnah akatoa barua yako nyuma ya saa. Alisoma polepole na hakuniangalia, vile ulimwambia.

Sasa yangu. Esnah ameuliza mara mbili kama iandikwe. Iandikwe.

Onyiego breki hazikukatika kwanza. Alikuwa na fri. Na ni mimi nilimwomba. Lile lori lilikuwa na kelele, na mimi maneno yangu ni mengi, nyumba ilikuwa na watu, shamba liko na watu, mahali pa kuongea na bwana yangu hapakuwa. Tukifika kwa mikaratusi namwambia, toa hiyo gia nikuambie kitu. Anacheka, anatoa. Tunaongea mpaka chini. Hiyo siku nilikuwa namwambia juu ya mbuzi wa jirani aliyeingia kwa maharagwe. Sikumaliza. Breki zilipata moto, zikakataa, na akajaribu kurudisha gia ikakataa. Watu walipouliza nikasema breki zilikatika, na miaka thelathini na moja nimesema breki. Lile gari la Joash, vile lilinyamaza, mimi nilisikia fri. Ilikuwa hiyo. Haikuwa wewe wala leseni yako.

Leo asubuhi nimeweka mkono wangu kwa simiti, pale Mokua aliweka wake. Nimemwambia Onyiego, hilo neno nimelitoa, mtoto auze. Uzeni. Nunueni hiyo ya L.

Lile gunia la viazi, nisamehe.

Nyakerario
(kidole)


Kisii mjini
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mama,

Barua yako nilimsomea Mokua, yote. Alikuwa anatazama ukuta. Nilipomaliza akaniomba nirudie ile sehemu ya baba yake.

Kisha akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia. Asubuhi ile alikuwa na miaka tisa. Kabla hamjaondoka aliingia kwa lori akacheza, akapiga kanyagio la breki mara nyingi kwa mguu, akijifanya dereva. Mliporudishwa na watu, akasikia unasema breki zilikatika. Tangu siku hiyo amejua ni yeye alizikata.

Alijifuta uso, Mama. Halafu akasema, "Kumbe ni mbuzi."

Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Njoo uongee naye. Pikapu imepata mtu.

Pam


Manga
Jumapili, 27 Aprili 2025

Pam, mtoto wangu,

Nimengoja jana ipite ndio niandike, kwa sababu nilitaka niandike nikiwa nimeshafika.

Yale ya Mokua tumeongea mimi na yeye, siku ile nilikuja kwenu, na hayo hayatakuwa kwa karatasi. Nitakuambia tu kwamba nilimwomba msamaha, na yeye akaniuliza mbuzi ni wa nani. Nikamwambia. Akasema huyo mzee hata leo mbuzi wake hawafungwi.

Sasa gari. Jana ulipoingia uani mwenyewe kwa stelingi na Mokua yuko kushoto, niliona Joash ametoa shingo kwa ua. Niliona na wale wa kwaya. Waangalie. Nilitaka kuwapelekea viti.

Na ule wakati wa kurudi, mliponibeba mpaka daraja, ulipofika kwa mikaratusi na mkono wako ukarudi nyuma kwa L, nilishika mlango. Hiyo nakubali. Halafu ikaanza kulia. Si uuuu ya pikapu, hii yako inalia kwa pua kama mbuzi, lakini imeshikwa. Ndio maana sikuongea. Nyaboke alikuuliza, "Magokoro amelala?" na Mokua akamwambia hapana, nyamaza, anasikiliza gari. Ni kweli. Kutoka juu mpaka daraja sikusema neno hata moja, na Esnah hapa anakataa kuandika hiyo, anasema barua isiwe na uongo.

Mambo matatu, halafu chai yangu inapoa. Moja, Mokua amenionyesha N, akasema hiyo ndiyo fri ya hii gari. Hiyo kwa mlima wangu mtu asiiguse, hata akiwa daktari. Mbili, chumvi yake ipunguzwe na sukari pia, nimeona vile anaweka. Tatu, mbele ni pangu. Mtu wa mguu akae nyuma aunyooshe.

Tena Esnah amenifundisha kuandika ile herufi moja ya kwa gari. Nimeijaza nyuma ya kalenda yote. Ni rahisi, ni mguu na unyayo wake, umekaa chini vizuri. Kwa hivyo leo sikuweka kidole. Hii ni mkono wangu mwenyewe, usicheke.

L